Kiti cha Korosho

Gunia la korosho liliingia nyumbani kwetu Mtoni kabla ya mwongozo mpya. Lilitoka shambani kwetu Mkuranga, kwenye mikorosho aliyoipanda marehemu baba, na yalikuwa mavuno ya kwanza tangu tumzike. Mama alikuwa na nia moja tu: azikaange sikukuu ya Idi, wageni wale, wamwombee dua mumewe.

Halafu redio ikatangaza kwamba serikali imepitisha mwongozo wa masoko ya mazao. Korosho ghafi zote ziende ghalani, ziuzwe kwa mnada. Atakayekutwa akizisafirisha au kuzificha bila kibali atahesabiwa ni wa kangomba, mlanguzi wa magendo. Mama akazima redio.

"Hata hizi zetu wenyewe?" akaniuliza, utadhani mimi ndiye waziri.

Sikujua, na hapo ndipo tuliponasa. Kulirudisha shamba, kuna kizuizi cha mazao Barabara ya Kilwa. Kwenda kuuliza ofisi ya mtaa ilikuwa sawa na kujipeleka wenyewe. Kukaanga ndiyo kabisa! Korosho ghafi ikipata moto, ganda linachuruzika mafuta na kutoa moshi unaowasha macho, na mtaa mzima unajua nani anakaanga. Ile harufu niliyoipenda tangu utotoni, nikaanza kuiogopa.

Uvunguni gunia halikuenea. Tukaliegemeza ukutani sebuleni, tukalitandika mkeka na khanga, likawa kiti.

Nilikasirika, na hasira hiyo ninayo mpaka leo. Sikuwa na ugomvi na mnada. Walanguzi wamewapunja wakulima vya kutosha. Kilichoniuma ni kuishi kama mwizi wa mali ya baba yangu mwenyewe. Hodi ikipigwa, mama anashika kifua. Sikuwaalika tena rafiki zangu. Masika yakaanza, sebule ikanuka ukungu, nasi tukawa tunafukiza udi kila jioni. Jirani akatusifu kwamba siku hizi nyumba yetu inanukia.

Asubuhi ya Idi mama alinituma dukani nikanunue korosho za pakiti. Nilimtazama nikidhani anatania.

"Nenda," akasema, macho yake ukutani. "Wageni hawatakunywa chai kavu."

Baada ya swala akaja mjumbe wetu wa mtaa, rafiki wa baba wa siku nyingi. Nilimwamkia shikamoo, nikamsogezea kiti cha plastiki. Akakipita, akaenda kukaa juu ya gunia. Mama alibaki amesimama na sinia mkononi. Mjumbe akachukua korosho moja, akaitafuna taratibu.

"Shemeji, hizi si za kwenu."

"Si za kwetu."

"Mie nilikuwa nazingojea za marehemu. Au mwaka huu mikorosho haikuzaa?"

Mama aliweka sinia mezani.

"Haikuzaa," akasema, akaenda jikoni.

Nikamfuata. Nilimkuta amejifunika uso kwa ushungi, mabega yakimtikisika.

"Nimeisingizia miti ya baba yako," akaniambia. "Leo, siku ya Idi."

Kule sebuleni mjumbe alikuwa ameinua mikono, anamwombea baba dua, naye bado amekalia korosho zake.