Tundu la Buluu ni la Simu ya Bosi

Juzi nilisimama kaunta ya kituo cha vipimo hapa Tabora, mwanangu mgongoni anahema kama aliyetoka kukimbia, nikisubiri video za moyo wake ziingie kwenye flashi. Daktari wa Mwanza anazitaka, treni inakaribia kuondoka, na kwenye kioo cha kompyuta ule mstari wa kuonyesha mafaili yanavyonakiliwa unatambaa tu.

"Samahani kaka, mbona haisogei?" nikamuuliza mhudumu wa kaunta.

"Mafaili makubwa haya, mama. Vumilia."

Nikachungulia. Flashi yangu ni ile ya kasi, yenye ulimi wa buluu, lakini ameichomeka kwenye tundu jeusi la zamani, linalopitisha data kwa kujikokota. Tundu la buluu, lenye kasi mara nyingi zaidi, liko pembeni yake, limechomekwa waya wa chaji.

"Si uhamishie pale?"

Akacheka, akatikisa kidole. "Pale hapaguswi. Ni pa simu ya bosi."

Jamani! Midomo ya mtoto inageuka rangi, mimi naambiwa simu! Nikapiga kaunta kwa kiganja, benchi zima likageuka.

"Chomoa, au nachomoa mwenyewe!"

Akachomoa waya, akahamishia flashi pale, uso umemvimba. Video zikaingia kabla sijamaliza kukaza kanga ya mtoto. Nikaitazama ile simu ya bosi. Chaji ilikuwa imejaa, sijui tangu saa ngapi.

Treni tuliiwahi. Lakini hasira haijanitoka, kwa sababu nawafikiria waliosimama pale kabla yangu, wakaambiwa wavumilie, wakavumilia.