Siku Nilipowalazimisha Wateja Wangu Kulishana Keki

Jamani, mkitaka kunicheka nichekeni tu, maana hata mimi nikiikumbuka ile siku nikiwa peke yangu dukani huwa najifunika uso kwa mikono, na mpaka leo nikifika karibu na ule mgahawa wa Ibighi navuka barabara nipite upande wa pili nisilione lile dirisha.

Mimi nauza vyakula vya mifugo hapa Tukuyu, pumba, mashudu, chumvi ya mawe, mambo hayo. Kwetu ni Muheza, huku nimekuja kutafuta maisha na baridi yao nimeshaizoea (uongo, sijaizoea). Wateja wangu wawili wakubwa walikuwa Mzee Ambakisye, mfugaji ambaye anaponunua yeye ndipo kikundi chao kizima kinaponunua, na Mama Lusajo wa Kiwira, mwenye ng'ombe wake wa maziwa na kibanda cha mtindi pale barabarani. Sasa likafunguliwa duka jipya mkabala na langu, bei chini, spika inapiga muziki kutwa, na nikasikia kikundi cha Mzee kinataka kukaa kiamue kitakuwa kinachukua mzigo wapi. Kikiondoka kile kikundi, mimi nafunga duka narudi Muheza kuvuna machungwa ya kaka yangu.

Kuna semina moja ya wafanyabiashara niliwahi kuhudhuria, tukaambiwa mteja hadumu kwa bei, anadumu kwa ukaribu, mfanye ajione ndugu. Basi nikapanga kahafla ka chai pale mgahawa wa Ibighi, na mteja bora wa kiume na mteja bora wa kike waitwe mbele walishane keki kama tunavyofanya kwenye sherehe zetu zote. Keki nikaagiza iwe na umbo la ng'ombe, na madoa yake meusi na pembe zake.

Nilipompigia Mama Lusajo kumwalika akaniuliza, "Nani na nani watakuwepo, kaka?" Hapo ndipo nilipojipalia makaa, kwa sababu badala ya kumjibu mtu wa watu swali lake nikacheka nikasema, "Ah, dada, wewe njoo tu, ni sapraizi!" (Alikuwa na tabia hiyo, kila kabla ya kuja dukani anapiga simu kuuliza nani yupo, mimi nikadhani hapendi foleni. Na Mzee Ambakisye naye kila akija alianza kukohoa tangu kule kona, kikohozi kikubwa kweli, nikamwonea huruma nikawa namwekea tangawizi. Anaipokea, anashukuru, na siku nyingine anakuja anakohoa vilevile.)

Siku ikafika, Mama Lusajo akawahi, nikamkalisha meza ya mbele kabisa. Watu wakajaa, chai ikamiminwa, mvua inapiga bati mpaka nimeshika maiki na bado napaza sauti. Mara nikasikia kikohozi mlangoni, Mzee huyo, kofia kichwani, anakunja mwavuli. Nikageuka nimwambie Mama Lusajo kwamba mshindi mwenzake kafika, simwoni! Kumbe yuko chini ya meza, kajifunika kanga gubigubi.

Nikainama. "Dada, umeangusha nini?"

Akazidi kuivuta kanga. Nikamtazama Mzee, naye kaenda kusimama kwenye kona karibu na dirisha, uso kauelekeza ukutani, sisi katupa mgongo. Vikombe ukumbi mzima vikasimama hewani. Mtu mwenye akili angeuliza kuna nini. Mimi nikajisemea, ahaa, hawa wana ugomvi, na nikiwapatanisha leo mbele ya kikundi kizima nani tena atakwenda duka la mkabala?

Nikashika maiki. "Ndugu wateja, leo hapa hatoki mtu na kinyongo! Washindi wetu watalishana keki na yaliyopita yatakuwa yamepita!"

Mkono mmoja nina kipande cha keki kwenye kijiti, mkono mwingine nimemshika Mama Lusajo namvuta kuelekea kwa Mzee, naye kang'ang'ania mguu wa meza analia, "Niache kaka, niache, ee Kyala wangu!" (Kyala ndiye Mungu kwa Kinyakyusa, hilo nalo lilipaswa kunishtua), na kina mama wanapiga mayowe, mimi nadhani ni vigelegele, navuta zaidi, meza ikafuata, ng'ombe wa keki akaanguka sakafuni akabaki kichwa. Mzee akasikia kishindo kinamkaribia kwa nyuma, mlangoni tumemzibia sisi, basi jamani, yule mzee wa kanisa, babu wa watu, akasukuma dirisha, akapitisha mguu wa kwanza, akapitisha wa pili, akatumbukia kwenye migomba mvuani. Kofia yake ikabaki sakafuni.

Nilishtuka mpaka kijiti kikanidondoka. Mama Lusajo akapata upenyo akatokea mlango wa jikoni mbio, hata viatu hakuchukua.

Mama Tumaini, aliyetupikia chai, akanijia na mwiko mkononi. "We Shabani, una wazimu? Yule ni baba mkwe wake! Huku kwetu mtu na mke wa mwanawe hawatazamani, hawakai chumba kimoja, hata njiani mwanamke akimwona anaingia migombani ampishe. Wewe unataka amtie keki mdomoni?"

Nikakaa pale pale kwenye keki. Kwetu baba mkwe unampikia chai na mnapiga stori, mimi ningejuaje? Wazee wa kikundi wakainuka mmoja mmoja na chai hawakumaliza, na wa mwisho akaniambia polepole, "Kijana, umeivua nguo nyumba ya watu." Heri angenipiga.

Kesho yake nikaenda kwa Mzee kurudisha kofia. Nikamkuta uani, goti limefungwa kitambaa. Nikapiga magoti. "Baba, nisamehe, sikujua."

"Najua hukujua. Wewe si mtu wa huku." Halafu akasema, "Lakini ng'ombe zangu zote unazijua, ipi imezaa, ipi haili. Hujawahi kuniuliza mwanangu ameoa wapi."

Nikamnyooshea ile kofia. Mzee akaichukua, akaipangusa, akaniuliza, "Ile keki, ilibaki?"

"Kichwa tu, baba."

"Mkwe wangu hakuonja. Mpelekee."

Nikaenda Kiwira na kichwa cha ng'ombe kwenye hotpoti na viatu vya watu kwenye mfuko. Mama Lusajo akapokea bila kunitazama, na kitu cha kwanza alichosema ni, "Baba hakuumia pale dirishani?" Nikamwambia goti kidogo. Akaingia ndani akatoka na chupa ya mtindi. "Mpe mama mkwe, yeye anajua nani anaupenda." Nikabaki nimeduwaa na chupa yangu pale barabarani, maana watu niliodhani hata salamu hawapeani kumbe wametunzana miaka yote hiyo bila kuonana uso, na mimi na semina yangu na maiki yangu ndiye niliyetaka kuwafundisha ukaribu.

Kikundi kiligawanyika, nusu wakaenda duka la mkabala na hawajarudi, siwalaumu. Mzee alibaki, Mama Lusajo alibaki, na mimi nimeapa keki sinunui tena hata siku ya harusi yangu. Mama Lusajo akipiga simu kuuliza nani yupo, namtajia mmoja mmoja. Na Mzee akikohoa kule kona, tangawizi simpi tena, nageuka kwanza nitazame nani yumo dukani.