Chakula cha Robo Saa

Kokuhirwa aliijua kazi ya mumewe kwa kunusa shati. Ilikuwa mwaka 1983, mwezi wa tatu tangu Apolinary aanze kazi kwenye kambi ya Wachina waliokuja Isingiro kuchimba visima. Kijijini kwao Kamuli aliaga kwamba ameajiriwa kutunza stoo, na watu wakaamini, maana alijua kusoma na aliwahi kuwa mgambo wakati wa vita. Jumamosi moja akarudi nyumbani, akavua shati lifuliwe. Mkewe akalipokea, akalisogeza puani.

"Baba Laurensia, ni stoo gani hiyo inayonuka vitunguu swaumu?"

Apolinary akacheka, kisha akaona hana pa kutokea, akasema kweli. Alikuwa mpishi. Hata vitani, wenzake waliposhika bunduki, yeye alishika mwiko.

"Usimwambie mtu," akamsihi. "Melkiory akisikia, sitakaa tena na wanaume wenzangu."

Melkiory alikuwa jirani yao, migomba yake ikipakana na yao, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko mundu. Na kwa Wanyambo wa siku zile, mwanamume alikula alicholetewa. Jikoni aliingia kuchukua kaa la kuwashia kiko, akatoka.

Kokuhirwa hakumcheka. Alitaka kujua jambo moja tu. "Hao wageni wanakula nini?"

Apolinary akakaa kitako kwenye majani yaliyotandikwa sakafuni, akaanza kusimulia, na aliposimulia mikono yake ilikuwa inakata na kukoroga hewani. Walikuwa na chakula kimoja walichokipenda kuliko vyote. Nyama inakatwakatwa kwa visu viwili mpaka iwe kama imesagwa. Karai linatiwa moto mkali mpaka mafuta yatoe moshi, inatupwa tangawizi na vitunguu swaumu, halafu nyama, halafu mchuzi mweusi wa soya unaotoka kwao kwenye chupa. Tambi zinachemshwa pembeni, zinachujwa, zinaingia karaini, zinageuzwa mara tatu nne, zinanyunyiziwa majani ya vitunguu, basi. Bwana Liu, mpishi mzee wa Kichina aliyemfundisha, alikuwa akisimama nyuma yake na kusema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Haraka, haraka! Tambi hapana ngoja mtu!"

"Inachukua muda gani?"

"Robo saa. Ndizi zako hata maji hayajachemka."

"Na tambi wanazitia sukari?"

"Sukari! Chumvi, mama. Chumvi na pilipili."

Kokuhirwa akatikisa kichwa kwa mshangao. Yeye tambi alizijua za Idi, zile ambazo mke wa mwenye duka Mwislamu aliwagawia majirani, tamu, zenye zabibu kavu. "Siku moja unipikie," akasema. "Nionje tu."

"Nitakupikia."

Akasema hivyo mwaka ule, akasema hivyo mwaka uliofuata. Kila mara kulikuwa na sababu: dada yake Auleria amekuja kutembea, au wachumaji wa kahawa wamejaa uwanjani, au jiko halina mlango. Kokuhirwa alikumbusha kwa utani, kama mtu anayemkumbusha mwenzake ahadi ya kanga. Hakununa.

Mwaka 1986 Laurensia, binti yao wa kwanza, alipata kipaimara. Siku iliyofuata Kokuhirwa akaenda mwenyewe sokoni Isingiro, akarudi na nyama nusu kilo na pakiti ya tambi. Alikuwa amemwomba fundi aweke mlango jikoni. Akawasha moto, akasafisha visu viwili na kibao, akawatuma watoto mtoni, ndipo akamwita mumewe.

"Hakuna mtu. Mlango nitaufunga. Mimi nitakaa pale kwenye kinu, nikutazame."

Apolinary akaingia. Akakunja mikono ya shati. Alishika kisu huku na kisu huku, akaanza kuikata nyama jinsi alivyofundishwa, visu vikipishana taka-taka-taka, na Kokuhirwa akakaa juu ya kinu amejishika magoti kama msichana. Nyama ilikuwa haijalainika bado, sauti ya Melkiory ikasikika uani.

"Apolinary! Uko wapi, bwana? Nani anakata kuni ndani?"

Apolinary akaviacha visu. Akafungua mlango kidogo, akatoka ubavu ubavu, akajipangusa mikono kwenye suruali. Kokuhirwa alimsikia akicheka huko nje, akisema Mama Laurensia anahangaika na nyama ngumu ya soko. Wakaondoka wote wawili kwenda kunywa lubisi, pombe ya ndizi, kwa mtu aliyekuwa amekamua juzi yake.

Aliporudi jioni watoto walikuwa wameshiba. Kokuhirwa alikuwa amepika nyama kivyake, na tambi akazitia maziwa na sukari. Alimwekea mumewe sahani, akaifunika kwa jani la mgomba.

"Mama Laurensia, leo..."

"Kula, zitapoa."

Hakuomba tena.

Visima vilikwisha, Wachina wakaondoka mwaka 1988. Bwana Liu alimkumbatia Apolinary mbele ya watu wote, akamwachia karai na chupa mbili za mchuzi wa soya. Apolinary akaviweka darini kwenye banda la kahawa, akarudi kwenye kibanja chake, kwenye migomba na mibuni, na kwa kweli alikuwa mkulima mzuri. Nyumbani walielewana. Mtu akiwauliza majirani, wangesema ndoa ile ilikuwa ya kupigiwa mfano.

Mwanzoni mwa mwaka 1991 Kokuhirwa alianza kunywa maji kila anapomeza tonge. Kisha akaacha nyama. Kisha ndizi zenyewe, chakula alichokula tangu aote meno, zikawa zinakwama kifuani, anainuka, anatoka nje, anarudi macho mekundu. "Ni kiungulia tu," alisema. Ilipofika Pasaka nguo zilikuwa zinamning'inia kama zimetundikwa msumarini.

Hospitali ya misheni walimtia mpira wenye taa kooni. Daktari akamwita Apolinary pembeni. Kuna uvimbe kwenye njia ya chakula, akasema, nao umekua sana. Wakapelekwa mpaka Mwanza. Mwanza wakaambiwa yale yale, kwa maneno ya upole zaidi, na wakarudishwa nyumbani.

Miaka ile Kagera mtu akikonda watu hawakuuliza saratani. Walikuwa na jina lao la ukimwi, na walilisema kwa kupunguza sauti. Wanawake waliokuwa wakija kusuka mikeka na Kokuhirwa wakapata kazi nyingine. Waliokuja kumjulia hali walisimama mlangoni, wakakataa hata maji. Kokuhirwa aliyaona yote. Siku moja alimwambia Apolinary, "Waambie basi kwamba ni koo." Aliwaambia. Waliitikia, hawakuja.

Aliyebaki ni Auleria. Alihamia pale amuuguze wifi yake. Alimpondea ndizi, akamkorogea uji, akamkamulia maziwa. Uji ulipita, lakini Kokuhirwa aliuchoka mpaka akiona kikombe anageuza uso ukutani.

"Wifi, sema unachotaka," Auleria alimbembeleza asubuhi moja. "Hata kama kiko Bukoba, kitaletwa."

"Hakuna."

Apolinary alikuwa mlangoni. Kokuhirwa alimtazama, akayaondoa macho. Hayakuwa na lawama.

Apolinary akachukua baiskeli. Saa sita mchana alikuwa amerudi na nyama laini ya ndama, tangawizi, vitunguu na tambi zile nyembamba. Akapanda darini, akashusha karai na chupa. Auleria alikuwa jikoni anachochea moto.

"Kaka, unatafuta nini? Niambie nikupe."

"Nipishe, dada."

"Nikupishe niende wapi?"

"Kaa na wifi yako. Mimi napika."

Auleria alimtazama kama mtu anayemtazama mwenye homa kali. Akatoka. Apolinary hakufunga mlango. Visu vikaanza, taka-taka-taka, na mikono yake ikakumbuka kila kitu kana kwamba ilikuwa kambini jana. Melkiory akatokea, labda alisikia mlio, akasimama uani akamwona jirani yake amepiga magoti mbele ya mafiga, jasho likimtoka, anageuza tambi. Apolinary alimwona pia. Akaendelea kugeuza. Melkiory akavua kofia, akasimama kidogo, akaondoka.

Bakuli la kwanza lilikuwa kosa. Tangawizi ilimwingia Kokuhirwa kooni kama moto; alikohoa mpaka Auleria akamshika mgongo, na machozi yakamtoka.

"Samahani, mama. Samahani."

"Harufu ndiyo hiyo hiyo," Kokuhirwa akasema alipopata pumzi. "Ile ya shati."

Apolinary akarudi jikoni, akapika upya. Safari hii hakutia tangawizi wala pilipili. Nyama akaikata mara mbili ya mwanzo, mpaka ikawa kama unga uliolowa; tambi akazivunja vipande vya urefu wa kucha, akaongeza supu ili ziteleze. Akaja na bakuli kitandani, akamlisha kwa kijiko cha chai. Kijiko cha kwanza kikapita. Cha pili kikapita. Alimeza vijiko kumi na kimoja, akapumzika, akajilamba midomo.

"Kumbe ni kitamu hivi."

"Kesho nitakipika tena."

"Kilichukua muda gani?"

Apolinary alijifanya hakusikia. Kokuhirwa akamshika mkono.

"Nakuuliza, Baba Laurensia. Ulichukua muda gani?"

"Robo saa."

Akatikisa kichwa taratibu, akafumba macho. "Nilidhani ulinidanganya," akasema. "Nilijiambia, lazima ni kazi kubwa, kazi ya siku nzima, ndiyo maana hapati nafasi. Nikaona nisikusumbue."

Apolinary akainamisha kichwa kwenye ukingo wa kitanda, akalia kwa sauti. Kokuhirwa hakumwambia anyamaze, wala hakumwambia amemsamehe. Alimwekea mkono kisogoni, akauacha pale, na mkono wenyewe ulikuwa mwepesi kama jani kavu.

Alimpikia siku tisa. Kila siku mchana, mlango wazi. Siku ya nne alimeza vijiko kumi na vitano, akaomba kukalishwa nje juani, na Apolinary akaanza kufikiri mambo ambayo daktari alimkataza kuyafikiri. Siku ya saba vikawa vitano. Siku ya tisa hata supu tupu ilirudi.

Siku ya kumi hakupika. Kokuhirwa akauliza kwa nini hasikii visu.

"Huwezi kula, mama."

"Pika. Ulete hapa. Utie na ile tangawizi."

Akapika kama alivyowapikia Wachina, na tangawizi, na pilipili, na majani ya vitunguu juu. Akaleta bakuli likifuka moshi.

"Sasa kula wewe. Nikutazame."

"Siwezi."

"Mimi nilikuandalia visu nikakaa kwenye kinu kukutazama, ukaenda zako," akasema, na ndiyo mara pekee alipolitaja jambo lile. "Leo kaa."

Akakaa. Akala mbele ya mkewe, tonge kwa tonge, akimeza chakula pamoja na machozi, na Kokuhirwa alimfuata kwa macho kila kijiko, koo lake likipanda na kushuka kila alipoona la mumewe likimeza. Bakuli lilipokwisha akasema, "Basi," akageukia ukuta.

Alifariki Jumatano asubuhi, Auleria akimnawisha uso.

Msibani watu walijaa, wale wote waliokuwa wakisimama mlangoni. Habari ya Apolinary kuingia jikoni ilikuwa imezagaa Kamuli nzima, lakini haikuwa kama alivyoiogopa miaka yote. Walimsifu. Katekista alisema kaburini kwamba mume wa namna hii ni wa nadra, na kwamba wanaume waige. Wanawake waliwaambia waume zao, mmemwona mwenzenu? Melkiory mwenyewe alimshika mkono kwa mikono miwili, akamwambia mbele ya watu, "Ndugu yangu, umetufundisha kupenda."

Apolinary alijaribu kueleza. Alianza, "Hamjui, mimi nilikuwa..." lakini wakadhani ni uchungu unaongea, wakampigapiga bega, wakamnyamazisha kwa huruma.

Watu walipokwisha kutawanyika, akamkuta Auleria uani, ungo mapajani, anachambua maharage ya jioni. Akachuchumaa karibu naye.

"Wananisifu kwa siku tisa, dada," akasema. "Alinisubiri miaka minane, na hakuna anayeniuliza habari zake."

Auleria alisimamisha mkono juu ya ungo. Akausogeza ungo ukawa kati yao, na Apolinary akaanza kuokota mawe madogo, moja moja, akiyatupa chini ya migomba.