Siku Moja Niliyoiahidi Mara Mbili

Mwaka wa 2017 binti yangu anayekaa Norway alijifungua mtoto wa tatu, akaniita niende nikamsaidie kulea. Tikiti alituma yeye. Ndege ilikuwa inatua Brussels alfajiri, na ile ya pili ya kunifikisha kwake ilikuwa inaondoka usiku. Katikati palibaki siku nzima, na viza yangu ilikuwa inaniruhusu kutoka nje ya uwanja wa ndege. Mjukuu wangu mkubwa wa kike, anayefanya kazi kwenye duka la miwani, ndiye angefuatana nami.

Watu wote ninaowataja humu nawajua kwa majina, na majina ya baba zao, na ya watoto wao hata waliokufa wachanga. Shule nilipata miaka miwili tu kwa masista wa Bukavu, kwa hiyo kichwa kimebaki na nafasi ya majina. Siyaandiki, maana wengi wako hai na wanajua kusoma kuliko mimi.

Sasa, mimi nimepita miji mingi. Kutoka Bukavu nilipita Uvira, Kigoma, Lusaka, Harare, ndipo nikafika hapa Johannesburg. Lakini ukiniuliza Lusaka ikoje, nitakuambia ni chumba chenye pazia la kijani na mzee mmoja wa ukoo anayekohoa. Kigoma ni mkeka. Harare ni foleni ya makaratasi. Kila nilipofika nilipelekwa kwa ndugu, nikakalishwa, nikalishwa, nikaulizwa habari za nyumbani, nikaondoka. Hata hapa Yeoville, miaka yote hii, ninakokwenda ni kanisani, sokoni na kliniki. Sijawahi kusimama katikati ya mji wowote nikauangalia tu, bila kitu cha kununua wala mtu wa kumwamkia.

Kwa hiyo mjukuu, ambaye huniita Koko, yaani bibi, aliponiambia, "Koko, tukifika Brussels tutembee, tuone mji," nilisema ndiyo kabla hajamaliza.

Tangu siku ile sikukaa chini. Kila akirudi kazini nilikuwa mlangoni namsubiri afungue simu yake anionyeshe. Alipanga siku yetu kwa saa. Asubuhi tuingie kanisa kubwa lenye minara miwili. Kisha jumba la mfalme kwa nje. Kisha lifti ya kioo inayokushusha kutoka mahakamani mpaka mtaa wa chini, hiyo aliiweka kwa ajili ya magoti yangu. Na mchana, uwanja wa katikati ya mji, wanauita Grand-Place, uliozungukwa na nyumba za zamani zenye dhahabu kwenye kuta. Aliniambia kila nyumba pale ina jina lake, nikamwambia asome. Nikazishika kwa mpangilio wake: Mfalme wa Uhispania, Mkokoteni, Gunia, Mbwa Mwitu Jike, Pembe, Mbweha. Nilikuwa nazisema nikiosha vyombo.

Halafu akanisomea kwamba zamani zile nyumba zilikuwa za watu wa kazi za mikono. Wauza nyama walikuwa na yao. Waoka mikate yao. Na mafundi wa nguo walikuwa na yao, nao wakaweka sanamu juu ya paa.

"Mafundi wa kushona?" nikauliza.

"Wa kushona, Koko. Kama Babu."

Mume wangu alishona nguo Rockey Street miaka kumi na minane. Mahali pake palikuwa ukutani, kati ya saluni ya wasusi na mtengeneza simu, cherehani na kiti, na mvua ikija anaifunika cherehani kwanza ndipo ajifunike yeye. Mimi nilikuwa nakunja pindo na kushona vifungo. Hakuna siku hata moja nilifikiri kwamba kuna mahali duniani ambapo mafundi nguo walijenga nyumba kwenye uwanja mmoja na jumba la wakubwa wa mji. Nilimwambia mjukuu mengine yote anaweza kuyafuta wakati ukiwa mfupi. Hiyo asiifute.

Nikaanza kuzoeza miguu. Asubuhi nilikuwa natoka kwenye jengo letu, napanda Rockey Street mpaka robot ya tatu, zile taa za barabarani, nasubiri taa ya kijani, navuka, narudi. Baada ya wiki nikaongeza mpaka kwenye tangi la maji. Wale wasusi wa saluni wakaona. Mmoja wao ni mama wa Tanga, mdomo wake hauna kufuli.

"Bibi wa Kongo, unafanya mazoezi ya jeshi?"

Nikamweleza. Nikakosea kumtajia pia kwamba mji ule una sanamu maarufu ya mtoto anayekojoa, watu wanatoka nchi zote kuipiga picha.

"Yaani upande ndege kwenda kuangalia mtu anayekojoa? Kaa hapa kwenye kiti. Kabla ya adhuhuri utakuwa umeona wanne, na hawadai viza."

Wateja walicheka mpaka mmoja nywele zikamtoka mkononi mwa msusi. Nilicheka na mimi, lakini niliendelea kutembea.

Tatizo lilikuwa kwa wifi yangu. Ni dada mkubwa wa marehemu mume wangu, yuko Brussels tangu watoto wangu wako wadogo. Mimi namwita Yaya, yaani dada mkubwa. Yeye huniita mke wetu, hata sasa ambapo mume hayupo.

Kwetu, mtu akifa mbali na ndugu zake, mjane hawezi kupita karibu na nyumba yao bila kuingia na kuwaeleza kifo. Simu haitoshi, simu ni ya kupasha habari tu. Kifo chenyewe kinaelezwa macho kwa macho, mjane ameketi, na wao wameketi, kuanzia asubuhi ya siku ile mpaka kaburini, na hakuna anayeonja chakula kabla hujamaliza. Mpaka ufanye hivyo, kwao matanga hayajafungwa. Mume wangu alikuwa na miaka mitatu kaburini, na Yaya alikuwa hajasikia kwa kinywa changu.

Alinipigia wiki ileile ya tikiti. Akasema amesikia ninapita, na siku hiyo ni yao. Nikasema ndiyo, Yaya.

Ndiyo mbili, siku moja. Siwezi kusema nilisahau, mimi sisahau. Kwetu mkubwa hajibiwi hapana. Unasema ndiyo, halafu unamwachia Mungu apange. Nilimwachia wiki tatu. Nilikuwa namsikiliza mjukuu akipanga saa zake nami natikisa kichwa, kisha Yaya anapiga kuniuliza kama bado nakula nyama ya mbuzi, nami nasema nakula. Nilikuwa nachambua mchele uliokwisha chambuliwa.

Basi Jumamosi moja Yaya akapiga simu, mjukuu akiwa sebuleni anapiga pasi. Sikio langu la kushoto ni bovu, simu yangu huwa naiweka ya kusikika nje. Yaya akaniambia kila kitu kiko tayari. Watu kumi na wanne wa ukoo wataketi nyumbani kwake. Mpwa mmoja ameomba ruhusa kazini. Huyo mpwa atatupokea uwanja wa ndege, na jioni ataturudisha mlangoni pa ndege, tusihangaike na mabasi. Nikasema asante, Yaya.

Mjukuu akazima pasi. Alisema kwanza kwa Kiingereza, haraka, kisha akarudia kwa Kiswahili chake cha kuokotaokota ili nisijifanye sijaelewa.

"Koko, siku ni moja."

"Najua."

"Umewapa watu wawili."

Alikunja shati lake, akaenda chumbani.

Wiki iliyofuata nilitembea kuliko wiki zote za nyuma. Nilifika mpaka Bezuidenhout Valley bila kujua naenda wapi, nikarudi na teksi. Kila niliyemweleza alikuwa na dawa. Mama mmoja wa kanisani akasema nikaketi kwa wifi, na ule uwanja niutazame kupitia dirisha la gari tukipita. Yule wa Tanga akaacha kusuka kabisa ili anishauri vizuri.

"Mwambie ndege imebadilisha saa. Ndege haiwezi kuja kukusuta."

Hilo nililifikiria, sifichi. Nililifikiria mpaka nilikuwa nimetunga na saa zenyewe. Lakini ningemdanganya mwanamke ambaye ninatakiwa kumweleza kifo cha mdogo wake, na siku nikija kumweleza, ataamini lipi? Na upande wa pili, nikienda kuketi, najua itakavyokuwa. Chumba, pazia, watu, sahani. Brussels nayo ingekuwa kama Lusaka. Nilikuwa na miaka sabini na moja. Siku nyingine ya namna ile ningeipata wapi?

Jumapili baada ya kanisa nilimwita mjukuu akae karibu, nikampigia Yaya. Simu akaishika mjukuu.

"Yaya," nikasema, "siku ile nataka kuona mji."

Nilisikia televisheni yake.

"Mji gani?"

"Huo wenu."

"Mke wetu, mimi niko hapa miaka yote hii sijauona, na bado naishi." Kisha sauti yake ikashuka. "Mdogo wangu mlimzika wenyewe huko. Mimi niliona picha kwenye simu. Picha, mke wetu. Na wewe unakuja mpaka mlangoni kwangu kutazama majumba?"

Alikuwa na haki, na nilimwambia ana haki. Nikamwambia pia kwamba nilisema ndiyo kwa kuogopa kumkosea, na kwamba mjukuu naye nilimwambia ndiyo, na huyo nilimwambia kwa kutaka. Sijawahi kumwambia mkubwa neno kama hilo. Mjukuu alikuwa ananiangalia kana kwamba nimevua kitenge barabarani.

Kisha nikamweleza juu ya nyumba. Kwamba kwenye ule uwanja wao wa katikati kuna nyumba ya mafundi nguo, waliijenga wenyewe zamani, na kwamba nataka kusimama mbele yake, kwa sababu fundi niliyeolewa naye hakuwahi kuwa na hata mlango.

Yaya akaniambia miaka mingi alifanya usafi kwenye ofisi nyuma ya uwanja huo. Alikuwa anaingia kabla hapajapambazuka, anatoka anawahi kazi ya pili. Alikatiza hapo kila siku, ameinamisha kichwa kwa baridi.

"Nyumba ya mafundi, unasema."

"Ya mafundi nguo, Yaya."

"Ndefu?"

Mjukuu akaipata picha haraka. Nikamwambia ni ndefu, ina sanamu juu.

"Msiba hauelezwi umesimama," akasema.

"Najua."

"Hapo kuna viti?"

Nilimtazama mjukuu. Alitafuta, akatafuta, akasema hakuna mabenchi, kuna viti vya maduka ya kahawa na bia tu.

"Siwezi kusikia kifo cha mdogo wangu kwenye kiti cha bia," Yaya akasema. Nikafikiri yameisha hapo. Nikasikia anaburuta kitu, mlango unafunguliwa, vitu vinaanguka, kisha akarudi anahema. "Ninavyo viwili vya kukunja. Vya kambi ya kanisa. Kimoja kina mguu mbaya, hicho utakalia wewe."

"Na wale kumi na wanne?"

"Wale ni wa kwangu. Nitasikia mimi, kisha nitakwenda kuwaeleza. Mbuzi watamla bila wewe, na watakusema. Mimi sitawanyamazisha."

Nikasema asante. Akaniambia nisimshukuru, hajafurahi, na akifika kwenye hicho kiti huenda atakuwa hajafurahi bado. Nikauliza, na mvua ikinyesha? Akasema huko mvua ni kama jirani, nilete mwavuli. Nilidhani atakata. Hakukata.

"Mke wetu. Walisema alianguka kwenye ngazi. Alikuwa anapanda au anashuka?"

Midomo ilinifunguka. Alikuwa anashuka, amebeba suti ya harusi ya kijana mmoja wa Malvern, na alipoanguka aliishika juu kwa mikono yote miwili isiguse chini, ndiyo maana hakujishika. Jina la kijana yule ninalo. Jina la bibi harusi, na la jirani aliyeichukua ile suti mikononi mwake, yote ninayo.

"Usiniambie," Yaya akasema. "Utaniambia hapo." Akakata.

Mjukuu akafungua ile ratiba yake, akafuta jumba la mfalme, akafuta lifti ya kioo. Kanisa lenye minara miwili akalibakiza, akasema tutaingia na kutoka. Uwanja wa nyumba za dhahabu akaupa kuanzia saa tano mpaka saa nane.

"Saa tatu zinatosha, Koko?"

Nilikuwa nimeshasimama, natembea kutoka mezani mpaka dirishani, najaribu kupanga nianzie wapi: kwenye chai aliyoiacha asubuhi ile, au kwenye ngazi.

"Andika ziwe nne," nikamwambia.