Sahani Inayopasha Uji

Fundi wa tangi katika kiwanda chetu cha yogati hapa Rongo anaiheshimu sana teknolojia. Injinia wa Nairobi alimwekea kihisi cha joto ndani ya tangi, hakina waya wala betri. Umeme wake unapenya kioo cha mfuniko kutoka kwa sahani nyeusi iliyobandikwa juu. Siku ya pili fundi akagundua kwamba sahani hiyo inapasha moto kikombe cha bati. Tangu hapo uji wake haupoi, na kihisi kilichonyang'anywa umeme hakijasema neno. Maendeleo hayo.

Kila nusu saa anapangusa kiganja kwenye ovaroli, anakibandika ubavuni mwa tangi, anafumba macho kama askofu, kisha anaandika katika daftari la kihisi: 43. Jana injinia alikuja, akachovya kipimajoto chake katika lita elfu za maziwa. Mimi wa maabara nikasogea kusoma. Arobaini na tatu. Akatazama daftari, akatabasamu.

"Mnaona? Kihisi changu hakikosei."

"Hakikosei kabisa, Injinia," fundi akasema, kikombe kikiwa nyuma ya mgongo. "Tuongezee sahani ya pili. Huyu wa maabara pia hunywa uji."