Mjalidi Aliyekataa Kujaza Pengo

Jumanne nilipata habari kwamba mjalidi vitabu wa mtaa wa Joubert Park amefariki. Hatukuwa marafiki; nilikuwa mteja wake, tena msumbufu. Mbele ya kile chumba chake kidogo aliuza Biblia, vitabu vya nyimbo na kamusi kuukuu za Kifaransa. Nyuma alishona vilivyochanika. Alisifika kwa kukata kingo za kurasa zikanyooka, kitabu kikaonekana kipya. Sifa hiyo ndiyo iliyomponza.

Mama mmoja, Mkongo mwenzake, msusi wa Turffontein, alimletea Biblia iliyoachia mgongo. Aliifumua, akaishona, akakata kingo kama ilivyo desturi yake. Alipofagia ndipo akaona wino kwenye vipande vya karatasi. Marehemu mume wa yule mama alikuwa ameandika pambizoni siku walizozaliwa watoto wao sita, na hati nyingine zote ziliungua pamoja na nyumba. Nilimkuta mjalidi amepiga magoti sakafuni, akitafuta ukanda mmoja mmoja na kuurudisha kwa gundi. Tarehe za watoto watano ziliokolewa. Ya wa sita, kitinda mimba, haikuonekana. Nilimshauri amuulize mama tarehe, asingizie kwamba wino umefifia, kisha aige mwandiko. Nani angejua? Alinitazama kwa huruma, nami niliona haya.

“Papa, ule mwenye aliandika alishakufa,” akasema. “Wewe wa mu gazeti unaweza kujaza. Miye hapana.”

Mama alipofika aliambiwa yote, bila kupambwa. Alipitisha kidole mahali palipokatwa, akachukua Biblia yake, akaondoka bila kuaga. Zaidi ya mwaka alipita mlangoni pale bila salamu. Kisha siku moja akaja na gunia la vitabu vya nyimbo vya kanisa lake vilivyotaka kushonwa. Juzi msibani nilimuuliza kwa nini alirudi. “Huyu alikuwa anasema kitu alichoharibu,” akanijibu. “Wengine wananirudishia tu kitu, mimi najionea ubovu nyumbani.” Kuanzia kosa lile, mjalidi hakugusa kisu kabla ya kupekua kitabu ukurasa kwa ukurasa, na wateja, mimi nikiwa wa kwanza, tulinung'unikia ucheleweshaji.

Njia ya mwongo ni fupi, tunasema, ingawa katika jiji hili nimeiona ikifika mbali. Sisi wahamiaji tumezoea kujaza. Fomu haipendi nafasi tupu, na foleni nyuma yako haina subira, kwa hiyo wengi wetu tumezaliwa tarehe moja Januari. Wenye safu gazetini kama mimi hatuna hata kisingizio cha foleni.

Ndugu zake wameniomba nitaje hapa siku aliyozaliwa. Kibali chake kinasema tarehe moja Januari. Mdogo wake anasema hiyo ilibuniwa kwenye dirisha la ofisi ya vibali, na aliyeijua ya kweli ni mama yao, ambaye naye amekwisha kufa. Zamani ningeiandika tu, msomaji asingeshtuka. Leo nasema siijui.