Mpira wa Kanga ya Bibi

Jumamosi iliyopita kelele za uwanjani zilivuka mitaa zikanifikia hapa Bertrams, mtaa wa Johannesburg, kwenye karakana yangu ya masofa. Nikasimamisha cherehani. Goli lina sauti yake, rafiki yangu. Mimi nilikuwa winga wa kulia. Nilishangiliwa hivyo miaka saba, mpaka goti likakataa.

Lakini kilichonijia si uwanja. Ni ua wa bibi, Tanga: maandazi ya iliki yanatoka mafutani, naye mkekani ananishonea mpira, matambara ndani, kanga kuukuu juu. Kwanza nichote ndoo sita za maji, ndipo nikae nishone naye. “Vuta uzi, usiubembeleze,” aliniambia.

Jirani muuza mkaa akipita, haachi kumchokoza. “Bi mkubwa, unamshonea mjukuu uvivu!”

“Namshonea miguu. Wako unamshonea nini, magunia?”

Shule niliacha darasa la nne, na sioni haya. Mpira ule ulinifikisha Johannesburg, nikapata mkataba, nikamwezekea bibi nyumba kwa bati.

Kisha Jumatano moja mjomba akapiga simu. Bibi hali mbaya, anakuulizia, njoo. Nikamwomba kocha ruhusa. Akasema, “Ukienda, Jumamosi jezi yako anavaa mwingine.”

Watu wa nyumbani wanadhani nilifichwa habari. Sikufichwa. Nilijua, nikabaki. Jumamosi asubuhi bibi akafariki, na kwetu maiti haikai. Alasiri, wanamshusha kaburini, mimi nakimbia kando ya mstari naomba pasi. Tulishinda. Nani alifunga, sikumbuki.

Jezi yenyewe haikunisubiri. Goti lilipokufa akavaa mwingine, na kocha hakupiga simu hata ya pole. Eish, nilikaa chumbani mwezi mzima. Kilichoniinua ni sindano. Nimesomesha watoto wanne kwa masofa, sikumpigia mtu magoti.

Ua ule sasa umemwagwa zege. Muuza mkaa naye hayupo. Wajukuu zangu hapa wananunua mpira wa plastiki kwenye spaza, kiduka cha mtaani, ukitoboka wanautupa, na nikiwasimulia wananijibu kwa Kizulu.

Mjomba alinitumia kanga aliyougulia bibi. Imo kwenye droo ya cherehani. Mkasi wangu umekata vitambaa vya nusu ya mtaa huu. Hiyo haujaigusa.